Safari ya Jicho la Riziki

Wenzangu, tangu turudi sijapita mahali Kilindoni nisisimamishwe. Sokoni nimesikia kwamba tulizama Shungimbili. Kisimani nimesikia kwamba mtoto alitolewa jicho akatiwa la mbuzi. Hatukuzama, na jicho ni lake mwenyewe. Basi nimeona bora niandike mambo yalivyokuwa, anayejua kusoma amsomee asiyejua, nami niupumzishe mdomo wangu.

Utende

Kazi yangu mnaijua. Mimi ni nesi mkunga, na mara kwa mara huenda vijijini kupima watoto uzito. Siku hiyo nilikuwa Utende, upande wa Ghuba ya Chole, mizani nimeitundika kwenye boriti ya ghala la kijiji. Mwanahawa alikuja wa mwisho, watu wamekwisha kutawanyika. Ni msichana wa miaka kama ishirini, na huyo ndiye mtoto wake wa kwanza, binti aitwaye Riziki, ambaye alikuwa hajatimiza miezi mitatu. Mwanahawa alikuwa amemfunika khanga uso mzima kama kitu cha wizi. Nyuma yake alifuata mama yake, Bi Fatuma, mwanamke mnene mwenye kipini cha dhahabu puani na sauti ya kuuzia samaki.

Mtoto alizaliwa nyumbani, kwa hiyo nilikuwa sijamwona. Nilipofunua khanga nikaona baka jekundu la kuiva, limeanzia kwenye nywele, likashuka paji la uso upande wa kulia, likaifunika kope ya juu mpaka shavuni, kisha likakoma katikati ya uso kama lililopigiwa mstari.

"Zambarau hizo," Bi Fatuma akanieleza kabla sijauliza. "Mimba ikiwa changa alishikwa na hamu ya zambarau, zikakosekana, naye akajikuna usoni. Nilimwambia, mwanangu, ukijikuna jikune makalioni, hakuna atakayeona! Hakusikia. Lakini tazama Mungu alivyo. Kamtia doa, kampa na jicho la paa."

Na kweli, jicho la kulia lilikuwa kubwa kuliko la kushoto. Kijiji kizima kilikuwa kikilisifu. Mimi sikulipenda hata kidogo. Kioo chake cha mbele kilikuwa na ukungu mwembamba, kama kioo cha taa kilichopuliziwa pumzi, na machozi yalikuwa yakichuruzika bila kilio. Nilipomgeuza kuelekea mlangoni, kwenye mwanga, alilifumba kwa nguvu akaficha uso kifuani kwangu.

Chuoni tulikuwa na mwalimu mmoja mkali aliyetuambia hivi: baka la namna hii likigusa kope ya juu, acheni kulitazama baka, litazameni jicho, na ulizeni kifafa. Nikauliza. Mtoto hushtuka? Mkono wa kushoto humcheza wenyewe? Hapana. Alhamdulillahi, hilo moja halikuwepo.

"Mdogo wangu," nikamwambia Mwanahawa, "huyu inabidi aonwe na daktari wa macho, Dar es Salaam, na mapema."

Macho yakamng'aa. "Wanaweza kulitoa?"

"Kutoa nini?"

"Hili baka."

"Hatuendi kwa ajili ya baka."

Alinitazama kama niliyemwambia twende kisimani lakini si kwa ajili ya maji. Kisha akakumbuka jambo jingine. Mumewe, Hamisi, ni mvuvi kutoka Kilwa, na tangu kabla ya mtoto kuzaliwa yuko dago Shungimbili, kambini na wenzake. "Hata hajamwona mwanawe, dada nesi. Bila ruhusa yake siwezi kuvuka maji."

"Basi tutampitia," nikasema, wepesi kama ninayezungumzia jirani wa nyumba ya pili.

Trela la mbata

Usafiri uliokuwepo kutoka Utende ulikuwa trekta la kijiji likivuta trela la mbata, nasi tukamwacha Bi Fatuma nyumbani. Mliowahi kupanda juu ya magunia ya nazi kavu mnajua: harufu ile hukaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa mara mbili. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na mahali fulani kati ya minazi, gurudumu moja likazama topeni. Tukashuka. Wanaume wakakata makuti wakayatandika chini ya gurudumu, dereva akiimba "Uhuru na Kazi" kwa sauti ya kukejeli, na sisi wanawake tukakaa kando kungoja.

Hapo ndipo khanga ya Riziki ilipoteleza, watu wakamwona. Kila mtu alikuwa na dawa. Bwana mmoja alishauri baka lipakwe mafuta ya papa. Mama mmoja alisema lilambwe na mamake asubuhi kabla hajazungumza na mtu. Mwanahawa alisikiliza yote kichwa chini.

"Na jicho?" nikawauliza.

"Jicho lina nini?" akasema yule mama. "Jicho zuri hilo!"

Nilichoka kueleza, wenzangu. Niliwaeleza watu wa trela, na tulipofika Kilindoni nikawaeleza wa gatini, na wote waliitikia kwa kichwa, kisha wakanitajia dawa ya baka.

Kilindoni

Kilindoni nilibadili shauri: tupande ndege ya Dar es Salaam, Hamisi tumpelekee ujumbe na wavuvi, ruhusa itufuate. Kwenye uwanja wa Kilindoni tukakuta bata wanaogelea. Siku ya kwanza tuliambiwa tungoje, maji yakauke. Siku ya pili mvua ikanyesha kuliko ya kwanza. Mwanahawa na mtoto walilala kwangu, na mnajua chumba changu kilivyo. Nililipima jicho kwa macho yangu tu, sina chombo kingine, nikaona ukungu umezidi kidogo. Au labda nilikuwa naona hofu yangu. Hata hivyo niliamua hatuwezi kungoja mbingu zimalize kazi yao.

Bahati yetu ilikuwa nahodha Shomari, mtu mzima mwenye chombo cha mashine. Alikuwa anakwenda Shungimbili kupakia papa mkavu, kisha Dar es Salaam.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, nesi. Nasikia unatafuta njia. Ila chombo changu kinanuka."

"Nimetoka kwenye trela la mbata, mzee. Pua yangu imekwisha kufa."

Akacheka mpaka akakohoa. Tukapanda asubuhi, maji yakiwa yamejaa.

Shungimbili

Shungimbili si mahali pa kuishi. Ni fungu la mchanga mweupe na vichaka vichache, maji ya kunywa huletwa kwa mapipa. Wavuvi hujenga vibanda vya makuti msimu ukianza, wakaviacha msimu ukiisha. Tulipokaribia niliwaona wanaume wakianika samaki kwenye vichanja. Mmoja akatuona, akamgusa mwenzake. Wanawake wawili kwenye chombo cha Shomari, mmoja kavaa sare nyeupe ya kazi, mwingine kabeba kitu kilichofunikwa gubigubi, na wote wawili kimya. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimetapika njia nzima. Wao walielewa vingine.

Wakaacha kazi. Nikasikia mzee mmoja akisema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un."

Kijana mmoja mrefu akatoka mbio kwenye kichanja, akaingia majini mpaka kifuani kabla hatujatia nanga. Huyo ndiye Hamisi. Uso wake sitausahau. Alishika ubavu wa chombo, macho kwenye kile kilichofunikwa. 

Kabla hatujasema kitu, Riziki akapiga kelele. Alikuwa na njaa, masikini, na akapiga kelele za kusikika Kilindoni. Kambi nzima ikaangua kicheko. Yule mzee wa "Inna lillahi" akasema, "Maiti gani huyu mwenye mapafu ya muadhini?" Hamisi alimpokea mtoto pale pale majini, akicheka na huku anafuta macho.

Walitupa nafasi kwenye banda lao kubwa. Wakatuletea ugali wa moto na changu wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu, na mimi niliyekuwa nimeapa sitakula tena maisha yangu, nikala mpaka nikalamba vidole. Ndipo Hamisi akafunua khanga vizuri. Habari za baka zilikuwa zimemfikia kwa wavuvi wapitaji, zikiwa zimeongezwa chumvi. Aliambiwa nusu ya uso wa mwanawe imeungua. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ni hivi tu," akasema taratibu. "Mzuri mwanangu." Kisha akanigeukia mimi. "Nesi, asante kwa taabu yako. Lakini safari hii siitaki. Alama kaiweka Mungu. Sisi ni nani wa kuifuta?"

Mwanahawa akainama. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja za fedha na za bahari chafu; hiyo ya Mungu sikuitarajia. Nikasema lililonijia.

"Ndugu Hamisi, hatuendi kuifuta alama. Hata nikitaka, hakuna anayeweza. Mchukue mwanao, simama naye hapo mlangoni, mgeuze kwenye jua."

Akafanya. Riziki akalifumba jicho la kulia, machozi yakamwagika, uso ukazama kifuani mwa babake. Akamrudisha kivulini, jicho likafunguka. Akamgeuza tena, polepole, akakuta vilevile. Kisha akakaa mchangani, akayatazama macho yote mawili kwa karibu, moja baada ya jingine, kama mtu anayetazama uzi wa mshipi umekatika wapi.

"Limekuwa hivi tangu azaliwe?"

"Linakua," akasema Mwanahawa. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akizungumzia jicho badala ya baka. "Watu wanalisifu. Mimi nalala naye, mimi naliona. Kila siku linakua."

Hamisi akaipapasa kope ya mtoto kwa kidole. "Chewa ukimvuta upesi kutoka kilindini," akasema, "macho humtoka nje, kwa ule upepo wa ndani unaosukuma."

"Kwa huyu ni maji ya ndani ya jicho yanayosukuma," nikamwambia. "Yakiachwa, jicho litakuwa kubwa, zuri, na halitaona kitu."

Aliinuka, akaenda kwa wenzake. Niliwaona wakizungumza kwa mikono. Aliporudi alikuwa amevaa shati.

"Tunakwenda wote," akasema.

Baharini

Sehemu hii nitaifupisha kwa heshima yangu. Wimbi la Shungimbili mpaka Dar es Salaam lilinitendea mabaya. Nililala juu ya papa mkavu, nikaomba nife. Mwanahawa, ambaye nilikuwa nimejiahidi nitamtunza, ndiye aliyenishika kichwa na kunipa ndimu ya kunusa, na niliposema kwa sauti ya mgonjwa, "Waambieni wanangu nawapenda," alicheka kicheko ambacho sikujua kama anacho. "Dada nesi, wewe huna watoto!" Hata nahodha Shomari aliacha usukani kidogo akajishika mbavu.

Hamisi alikaa na mtoto kwenye kivuli cha turubai, anamsimulia majina ya samaki.

Dar es Salaam

Tulifikia kwa shangazi yangu Kariakoo. Alitupa kitanda chake akalala mkekani, na asubuhi akaenda kupanga foleni ya sukari ili wageni wake wanywe chai tamu. Aliporudi mikono mitupu alitukaangia chapati akasema sukari tutaionja Ijumaa, inshallah. Mwanahawa hakutoka nje ila kafunika mtoto; mji ulikuwa na macho mengi mno.

Hospitalini tulikaa benchi refu. Kila aliyemwona Riziki aliona baka, na kila tuliyemuuliza njia alituonyesha mlango wa ngozi. Tukaingia huko. Daktari wa ngozi, kijana mpole, alilibonyeza baka kwa kidole, akaona linapauka kisha linarudi. "Hii ni mishipa midogo ya damu, imepanuka chini ya ngozi tangu tumboni," akasema. "Haiumi, haiambukizi. Dawa ya kuliondoa hatuna."

Hamisi akasimama. "Basi tumejibiwa. Twendeni." Mwanahawa akaanza kulia kimya kimya, na nikajua kwamba ndani yake, pamoja na yote niliyosema, alikuwa bado na tumaini la kurudi na mtoto asiye na baka.

"Kaeni," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Tumejibiwa swali ambalo hatukuliuliza. Daktari, tafadhali, litazame jicho."

Yule kijana akachukua tochi, akainama. Alipoinuka aliiweka tochi mezani. Alituongoza mwenyewe, akatupitisha korido mbili mpaka kwa daktari wa macho.

Huyo alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni, mikono ya polepole. Hakugusa jicho kwanza. Alimvua Riziki nguo zote. Akalinganisha mkono kwa mkono na mguu kwa mguu, kuona kama upande mmoja haujauzidi mwingine. Akampa kidole ashike, kulia na kushoto. Akapitisha kidole chake kwenye uti wa mgongo wote. Akauliza kifafa, akarudia kuuliza kwa namna tatu tofauti. Alipoona natazama kila anachofanya akaanza kunieleza mimi.

"Nesi, mabaka mengi hayana neno. Yale madoa mekundu ya shingoni nyuma, ambayo kina mama huyaogopa, yaache. Lakini likiwa mgongoni chini, katikati ya uti, hasa pakiwa na kishimo au nywele, tazama miguu na haja zake. Likifunika mguu mzima, pima mguu. Likifika kwenye kope, fanya kama ulivyofanya: lete."

Ndiyo maana siku hizi mnaniona nawavua watoto nguo zote kwenye mizani na mnaninung'unikia. Nina sababu. Wengi nimewarudisha kwa mama zao kwa kicheko, hawana neno.

Kisha Riziki akalazwa usingizi kidogo, jicho likapimwa. Daktari akatoka, akakaa kwenye benchi, katikati yetu, kama mtu wa nyumbani.

"Maji ya jicho yana mlango wa kutokea," akasema. "Wake umebana. Jicho la mtoto ni laini, likijaa linavutika. Ule uzuri watu wanaousifu ndio unaoliua. Nataka kuufungua mlango huo."

"Kwa kisu?" Hamisi akauliza.

"Kwa kisu kidogo sana."

"Atazinduka?"

"Wengi huzinduka. Kukuahidi siwezi, ndugu yangu. Na nikilifungua, jicho halitarudi kuwa dogo, wala siwezi kusema litaona kiasi gani. Kifafa pia huenda kikaja baadaye, mtamlinda. Lakini nisipolifungua, najua mwisho wake."

Hamisi alimtazama mkewe. Nilitegemea atasema yeye. Mwanahawa akafuta uso kwa ncha ya khanga.

"Mfungulie," akasema. "Baka mwachie. Mfungulie jicho."

"Bismillahi," akasema Hamisi.

Asubuhi ya operesheni nilijitia ujasiri. Nimezalisha wanawake wengi, nimeona damu, najua kungoja. Lakini kungoja pale nje ya mlango ule sikukujua. Hamisi alitembea korido mpaka mfagiaji akamwomba akae. Mwanahawa alikuwa anasoma Yasin kwa midomo tu, bila sauti, anakosea, anarudia. Mlango ulipofunguka, kilichotangulia kutoka si daktari bali sauti: ile ile ya Shungimbili, ya njaa na ghadhabu. Mwanahawa aliketi sakafuni. Hamisi akamwambia mfagiaji asiyemjua kabisa, "Mwanangu huyo! Mwanangu!"

Tulikaa Dar es Salaam karibu miezi miwili, mpaka jicho lilipopimwa tena na tena, na maji yakaonekana yameshuka. Ukungu ukaanza kupungua, kwanza pembeni, halafu kati. Siku ya kuagana, Mwanahawa alitoka nyumba ya shangazi na mtoto uso wazi. Mwanamke mmoja pale Kariakoo akasema, "Pole kwa mtoto." Akamjibu, "Nimeshapoa, mama, asante," akaendelea na njia yake.

Kurudi

Tulirudi kwa ndege, uwanja wa Kilindoni ukiwa umekauka na bata wamehama. Hamisi alishika kiti kwa mikono miwili safari nzima, yeye mwana wa bahari, na mimi nikapata nafasi ya kucheka.

Bi Fatuma alikuwa anatungoja ukingoni mwa uwanja. Sijui nani alimpelekea habari Utende. Alimpokonya mjukuu kabla ya salamu, akamtazama, akakunja uso.

"Mmekwenda mpaka Dar es Salaam," akasema, "mmekaa huko mpaka nimekonda, na mmerudi nalo vilevile?"

"Vilevile, mama," akasema Hamisi.

"Basi mlifuata nini?"

Nikanyoosha mkono, nikalifunika jicho la kushoto la Riziki kwa kiganja changu, likabaki la kulia peke yake, na jua la saa nne liko juu yetu. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui litakalotokea. Daktari alisema muda ndio utakaosema. Mtoto alitulia. Jicho lile kubwa likatangatanga kidogo, likapita shavu la bibi yake, likarudi, likasimama. Kisha mkono mdogo ukapanda hewani, ukakosea mara moja, ukapanda tena, ukakishika kipini cha dhahabu na pua yake yote.

Bi Fatuma alipiga ukelele. Hamisi akaruka kumsaidia, akaanza kuvibandua vile vidole.

"Mwacheni," akasema Bi Fatuma, kichwa kimeinama, sauti imebanwa puani, machozi yanamtiririka. "Mwacheni avute."